Tairi Halijui Asilimia

Kuna swali ambalo kila mtu anayetafuta tairi la baiskeli ya graveli huulizwa kabla hata hajaulizwa ana pesa ngapi: wewe unaendesha lami asilimia ngapi, na vumbi asilimia ngapi? Ukijibu lami 70, vumbi 30, unapewa tairi laini, jembamba, la milimita 32. Ukisema nusu kwa nusu, unapewa la milimita 38 lenye vijimeno. Ukisema vumbi 80, unaletewa kitu chenye meno kama tairi la trekta na unatakiwa safari njema. Swali hili liko kwenye video za YouTube, liko kwenye magrupu ya WhatsApp ya waendesha baiskeli, na siku hizi hata wauzaji wa mitumba wamelijua. Linasikika kama hesabu, na sisi tuliolelewa na KCPE tukisikia hesabu tunanyamaza na kuandika jibu.

Mimi sinyamazi. Hilo swali ni bovu. Kwa mtu anayekaa Noonkopir ni bovu zaidi, kwa sababu ukilijibu kwa ukweli unaweza kuishia chini ya lori.

Kwa wale mnaoijua Kitengela kama mahali pa kununua ploti na kula nyama Jumapili, nieleze kidogo. Noonkopir ndiyo ile senta iliyo katikati ya mambo, na mji wote umepasuliwa na barabara kuu inayotoka Athi River kwenda Isinya, Kajiado na mpakani Namanga. Ni lami ya maana. Ilijengwa upya pamoja na kipande cha Namanga hadi Arusha upande wa Tanzania, ikafunguliwa rasmi 2012. Lakini toka hatua chache nje ya hiyo lami, upande wowote, uko kwenye muramu, mawe, vumbi, na ule udongo mweusi wa tambarare za Athi ambao mjenzi lazima auchimbe wote autupe ndipo aweke msingi. Kuna kabro hapa na pale, mbele ya petroli stesheni na mbele ya supamaketi, kisha inakatika kama sentensi ya mtu aliyekumbuka ana deni.

Kwa hiyo hapa kila mwenye baiskeli anaendesha graveli, apende asipende. Mlinzi anayetoka Korompoi kwenda zamu kule EPZ anaendesha graveli. Kijana wa mjengo aliyefunga koleo kwenye fremu anaendesha graveli. Muuza maziwa mwenye mitungi miwili nyuma anaendesha graveli, na hajawahi kulisikia hilo neno. Mimi pia naendesha. Niliacha chuo, naandika vibarua vya watu, na nauli ya matatu ikipanda kwa sababu mvua imenyesha, kibarua cha siku hiyo kinakuwa kimeliwa kabla sijakifanya.

Mchukue huyo mlinzi. Kwa hesabu ya video, safari yake ni muramu kidogo mwanzoni, kisha lami ndefu hadi kazini. Lami ndiyo nyingi. Atauziwa milimita 28, au 32 kama muuzaji ana huruma. Lakini hesabu hiyo imeficha kitu kimoja: inadhani ni mwendeshaji anayeamua saa ngapi awe kwenye lami na saa ngapi atoke. Kwenye barabara ya Namanga mwendeshaji haamui. Anayeamua ni lori.

Malori yapo ya kila aina. Kuna ya mchanga na mawe kutoka Kajiado, kuna ya saruji kutoka viwanda vya Athi River, kuna matrela ya kuvuka kwenda Tanzania, na katikati yao matatu zinazokimbizana kama ndugu wanaogombania shamba. Malori mawili yakipishana, hakuna nafasi ya mtu wa tatu. Honi inalia nyuma yako. Hiyo honi haikuulizi kitu. Una sekunde mbili, labda tatu, za kutoka kwenye lami.

Na hapo ndipo unapokutana na kitu ambacho hakimo kwenye swali lao, yaani ukingo wa lami.

Ukingo si lami, na si barabara ya vumbi. Ni ngazi. Mahali pengine una kimo cha kidole, pengine kiganja kizima, kwa sababu lami iliwekwa juu na udongo wa kando umeoshwa na mvua mwaka baada ya mwaka. Chini yake kuna kokoto zisizoshikana, vioo, vipande vya waya vilivyotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka, na mifereji iliyochimbwa na maji. Unashuka hapo kwa kasi ile ile uliyokuwa nayo juu. Ukiwa na tairi jembamba lililojazwa upepo hadi likawa gumu kama chuma, mambo matatu yanaweza kutokea, na yote ni mabaya. Tyubu inabanwa kati ya ukingo na rimu, inatoboka matundu mawili kama umeumwa na nyoka. Au gurudumu la mbele linazama kwenye kokoto na usukani unajigeuza wenyewe. Au, na hili ndilo baya kuliko yote, unashuka salama, unashusha pumzi, kisha unajaribu kurudi.

Kurudi ndiko kunakoua. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo lami iko kulia kwako. Unaelekeza usukani kulia polepole, gurudumu linagusa ukingo kwa ubavu, linakataa kupanda, linaanza kusugua tu kando ya lami. Mwili wako tayari umeegemea kulia, na gurudumu haliwezi kuja chini yako kukushikilia. Unaanguka. Na huangukii upande wa vumbi. Unaangukia upande wa lami, mbele ya chochote kinachokuja.

Sasa niambie huo ukingo ni asilimia ngapi ya safari. Ni karibu na sufuri. Mita tano hapa, mita kumi pale. Strava haiuhesabu. Hakuna fomu yenye kisanduku chake. Lakini ndizo mita zinazoamua kama utafika nyumbani, na hesabu ya asilimia imezifuta kwa sababu ni chache.

Hoja yangu yote ni hii: tairi huchaguliwa kwa mita mbaya kuliko zote za njia yako. Zile mita nyingi za lami safi hazihitaji ushauri wa mtu. Tairi lolote lenye upepo litazipita.

Nikisema hivi, najua jibu linalokuja. Nimelisikia mara nyingi pale kwa fundi, chini ya kile kivuli cha mabati karibu na stage. Kijana anakuja na baiskeli ya mashindano ya mtumba, bado ina stika za Ulaya, anasema, "Fundi, niwekee ile nyembamba. Mimi nataka spidi."

Fundi hainui hata kichwa. "Kijana, spidi ya kwenda wapi?"

Tulicheka, lakini swali la fundi ni zito kuliko la YouTube. Hebu tuliangalie. Imani kwamba tairi jembamba ndilo lenye kasi ina umri mkubwa, na wale walioisambaza wameshaiacha. Waendeshaji wa Tour de France waliokuwa wakitumia milimita 23 walihamia 25, kisha 28 na zaidi, na wale ni watu wanaolipwa kuhesabu sekunde. Jan Heine, mhariri wa jarida la Bicycle Quarterly kule Marekani, amepigia kelele jambo hili tangu miaka ya 2000: kwenye barabara isiyo laini, tairi gumu halikimbii, linaruka. Kila linaporuka, nguvu ya miguu yako inaishia kutikisa mifupa yako badala ya kukusogeza mbele. Tairi pana lenye upepo wa wastani linameza kijiwe na kuendelea. Isitoshe, ukivuka mwendo wa kilomita 20 hivi kwa saa, adui mkubwa si tairi tena, ni hewa unayoipasua. Mtu yeyote aliyewahi kurudi kutoka Isinya akipambana na upepo wa hizi tambarare hahitaji kuelezwa.

Lakini tuseme wewe una haki na mimi nimekosea. Tuseme lile pana linakuchelewesha dakika mbili kwa kila safari. Sawa. Dakika mbili ndizo bei. Ukiona ni ghali, basi fanya hesabu nyingine: mamlaka ya NTSA imeripoti zaidi ya vifo 4,000 barabarani Kenya kila mwaka tangu 2021. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeokoa dakika.

Kinachoniudhi zaidi ni kuuziwa upana kama ugunduzi mpya. Tafuta Black Mamba yoyote nzee, ile ya kubeba mkaa na mitungi. Angalia ubavu wa tairi. Utaona pameandikwa 28 x 1½, na kama ni la kizazi cha karibuni utaona pia 40-635. Hiyo 40 ni upana kwa milimita. Hiyo 635 ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu. Milimita 40! Huo ndio upana ambao matangazo ya graveli yanakuuzia kama teknolojia ya karne hii. Mzee anayeshusha kreti za soda Noonkopir amekuwa nao maisha yake yote, na tukampita kwa dharau kwa sababu baiskeli yake ni nyeusi na ina kengele.

Tena ukirudi nyuma zaidi, tairi la upepo lenyewe halikuzaliwa kwa ajili ya mashindano. John Boyd Dunlop alilitengeneza Belfast mwaka 1888 kwa baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, kwa sababu matairi ya mpira mgumu yalikuwa yakimtikisa mtoto kwenye mawe. Mawe ndiyo yaliyolileta tairi la upepo duniani. Sisi tulio na mawe tele tumeambiwa tujifunze kutoka kwa watu wenye lami.

Sasa niwageukie wale wa upande wa pili, kwa sababu nao wana lawama. Kuna msee ambaye akisikia Kitengela anafikiria Safari Rally. Yeye anaweka tairi la meno makubwa mbele na nyuma, linanguruma kwenye lami kama nyuki, na anatembea kifua mbele. Huyu naye amechagua kwa picha. Kwenye lami, meno marefu yanajikunja ukikata kona, na lami yetu yenye jua inayala haraka. Kwenye lami yenye maji ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kinachoshika ni mpira unaogusa chini, na tairi la meno linagusa kwa vidoncho tu. Watu wanaogopa tairi laini kwa sababu wamezoea gari, ambapo tairi kipara ni kesi na polisi. Baiskeli si gari. Tairi lake ni jembamba na la mviringo, linayapasua maji lenyewe, na kwa mwendo wetu haliwezi kuelea juu ya maji kama la gari. Ulaini wa katikati si kasoro. Ndio unaokushika.

Na msimu wa mvua? Hapo ndipo mwenye meno anadhani atanishinda. Ndugu yangu, huujui udongo mweusi. Ukikauka unapasuka nyufa zinazoweza kumeza tairi jembamba likasimama wima. Ukilowa unavimba, unanata, na kila mzunguko wa gurudumu unaongeza tabaka, na tabaka linaokota majani na kokoto, hadi baiskeli inabeba shamba la mtu. Meno hayasaidii, meno ndiyo yanayoshika ule udongo vizuri zaidi. Hakuna tairi duniani linaloushinda udongo mweusi uliolowa. Kinachosaidia ni nafasi. Acha uwazi wa angalau milimita 6 kati ya tairi na foku kila upande, zaidi ukiweza, hata kama fremu yako ingekubali tairi pana zaidi. Toa madigadi zinazobana. Beba kijiti cha kukwangua. Na mvua ya Aprili ikishuka kwelikweli, zunguka kwa njia ndefu yenye muramu au kabro, au ibebe baiskeli begani bila aibu. Wanaoishi ndani kule nyuma ya Noonkopir huvaa gambuti asubuhi na kubeba viatu vya kazi kwenye mfuko. Baiskeli pia inaruhusiwa kubebwa.

Najua mahali ushauri wa meno unakotoka, na sina ugomvi na wenyewe. Mashindano makubwa ya graveli ya Marekani, Unbound, yalianza 2006 pale Emporia, Kansas, kwenye vilima vya mawe makali yanayochana ubavu wa tairi kama kisu. Mtu wa Kansas akikwambia nunua tairi lenye ubavu mnene, anakwambia ukweli wa Kansas. Huku kwetu Migration Gravel Race ilianza 2021 kule Maasai Mara, na Team Amani, ambayo marehemu Suleiman Kangangi alikuwa nahodha wake, ilionyesha kwamba Waafrika Mashariki wanaweza kushindana na mtu yeyote kwenye vumbi. Najivunia hilo. Lakini mshindani ana gari la msaada, ana siku nne za njia aliyoelezwa mapema, na hakuna trela linalompigia honi. Analenga kufika wa kwanza. Mlinzi wa Korompoi analenga kufika, kisha arudi, kisha afanye hivyo tena kesho kwa tairi lile lile, kwa sababu hana seti mbili za magurudumu za kubadilisha kulingana na hali ya hewa. Kila ushauri una udongo wake. Kabla hujaufuata, uliza ulichimbwa wapi.

Basi tununue nini? Nisiwe mtu wa kubomoa tu.

Upana kwanza. Nenda 40 hadi 45 kama fremu inakubali na ule uwazi nilioutaja unabaki. Ukilinganisha na la 28, tairi la 40 lina hewa karibu mara mbili ndani yake, na hiyo hewa ndiyo inayosimama kati ya ukingo na rimu yako. Kama fremu yako ni ya mashindano na haipiti 30, basi huna baiskeli ya Kitengela. Una baiskeli ya Karen. Iuze kwa amani.

Uso wa tairi, laini katikati, vijimeno vifupi mabegani. Ukiwa wima kwenye lami unatembelea ulaini. Ukishuka kwenye kokoto, tairi linazama kidogo na mabega yanaanza kazi. Na unaporudi kwenye lami, bega lenye meno ndilo lenye nafasi ya kuung'ata ukingo badala ya kuteleza kando yake. Sisemi litakupandisha lenyewe. Subiri mahali ukingo ni mfupi, punguza mwendo, geuza gurudumu liukabili karibu uso kwa uso, nyanyua uzito mbele, panda. Ukishindwa, simama. Hakuna aliyekufa kwa kusimama kwenye vumbi.

Upepo sasa, na hapa ndipo watu wengi wanaharibu tairi zuri. Ile namba iliyoandikwa ubavuni ni mwisho wa uwezo wa tairi. Si amri. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi la 40 lenye tyubu anatosheka na PSI 35 hivi mbele na 38 au 40 nyuma. Ukiwa na mzigo, ongeza nyuma. Lile la 28 lingetaka karibu mara mbili ya hapo, na ndiyo maana linakupiga. Bonyeza kwa kidole gumba: linapaswa kukubali kidogo. Ukienda na pampu ya petroli stesheni, kuwa makini, ile ya magari hujaza tyubu ya baiskeli kwa sekunde chache hadi ipasuke, na kama valvu yako ni ile nyembamba ya Presta haitaingia bila kifuniko cha kubadilishia.

Miiba. Huku kuna miiba ya migunga na kuna mbigili, ile ndogo yenye pembe ambayo hata ikianguka vipi inabaki na pembe moja juu. Wenye pesa hutoa tyubu na kuweka uji wa kuziba ndani ya tairi. Mfumo huo ni mzuri, sikatai, lakini ule uji hukauka baada ya miezi kadhaa, jua letu huuharakisha, na ukishakauka unahitaji kuongezwa na mtu anayejua. Kabla hujauingia, muulize fundi wako wa karibu kama anao. Asipokuwa nao, baki na tyubu. Tyubu nene, na ukanda wa tyubu kuukuu uliokatwa na kulazwa ndani ya tairi, umewafikisha watu wengi kazini kuliko video yoyote.

Na pesa. Hapa ndipo naomba mniskize vizuri, kwa sababu hili neno graveli limewafanya vijana wengi wadhani hawawezi kuingia. Huhitaji baiskeli ya graveli. Tafuta baiskeli ya milimani ya mtumba, ile ya zamani isiyo na springi mbele, yenye gurudumu la inchi 26. Kwenye ubavu wa tairi utaona namba inayoishia na 559. Watu wanaitupa kwa sababu dunia imehamia magurudumu makubwa, yenye 584 na 622. Toa yale matairi ya meno, weka 47-559, yaani 26 x 1.75, yenye katikati laini. Umemaliza. Una upana kuliko baiskeli nyingi za graveli, una uwazi wa matope, una breki, na tairi lake unalipata mjini. Soma ile namba ya mwisho kila unaponunua. 559 haiingii kwenye 622 hata uombe. Na kama tairi lenyewe ni mtumba, likunje ubavu uone. Ukiona nyufa ndogondogo kama za udongo wa Januari, rudisha, mpira umezeeka hata kama meno ni mapya.

Sasa kuna mtu amenivumilia hadi hapa huku ana hoja moja kali, na ni hoja ya haki. Anasema: wewe unaongea matairi wakati shida ni barabara. Mwambie KeNHA ajenge njia ya baiskeli, uache kuwabebesha maskini mzigo wa kununua usalama.

Nakubaliana naye kabisa, na ndiyo maana nimeandika. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liko wazi: barabara kuu za kitaifa ni za serikali ya kitaifa, barabara za kaunti ni za kaunti. Ukingo wa barabara ya Namanga una mwenyewe, na muramu wa Noonkopir una mwenyewe. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera yake ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli 2015, ikaahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara. Huko nako nendeni mkaangalie wenyewe njia za baiskeli zilivyo. Asilimia tena! Tumeshaona hizi asilimia zinavyofanya kazi: zinapendeza kwenye karatasi, na mita mbaya zinabaki pale pale.

Hata barabara yenyewe ilipimwa kwa ile akili ya swali la tairi. Walihesabu magari mangapi, wakaona baiskeli ni asilimia ndogo, wakachora lami ya magari. Mwenye baiskeli akafutwa kwa uchache wake, kama ukingo ulivyofutwa kwenye hesabu ya safari. Ndiyo maana swali la asilimia linanichoma. Wenye mamlaka walitufanyia hivyo, kisha na sisi tukachukua kipimo hicho hicho tukajipimia tairi.

Kujaza udongo kando ya lami hadi uwe sawa na lami hakuhitaji mkopo wa nje. Kunahitaji tipa, muramu, mashine ya kushindilia, na mtu wa kurudi baada ya mvua kuangalia. Wafanye hivyo kutoka Athi River hadi Isinya na nusu ya makala haya itakuwa haina kazi. Nitafurahi. Hadi wakati huo, tairi pana ni ushuru tunaolipa kwa kando ambayo haikujengwa, na ni vizuri tujue tunalipa kwa nini, ili siku mwakilishi akija na kofia za kugawa tumuulize kuhusu udongo.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujajibu swali la mtu yeyote kuhusu asilimia, fanya hivi. Tembea njia yako kwa miguu, asubuhi mapema kabla malori hayajaamka vizuri. Tafuta mahali ambapo ungelazimika kutoka, na mahali ambapo ungelazimika kurudi. Piga ukingo picha ukiwa umesimamisha kiganja kando yake. Kisha peleka hiyo picha kwa fundi, umwambie, "Fundi, nataka tairi la hapa." Hatakuuliza asilimia. Na picha hiyo hiyo, ukishamaliza na fundi, itume kwa wenye barabara, na ukumbuke kuandika tarehe.